Jane Addams wa Mtaa wa Halsted

Katika nchi ya Marekani, kando ya ziwa kubwa liitwalo Michigan, uko mji wa Chicago. Mwaka 1840 ulikuwa mji mdogo tu, wenye watu wasiotimia 5,000. Hata ulipofika mwaka 1890 watu wake walikuwa wamezidi milioni moja, na katika nchi ile yote ni New York peke yake uliokuwa mji mkubwa kuupita. Fikirini maana yake. Mtoto aliyekuwa akichunga ng'ombe katika majani ya kando ya ziwa aliweza, kabla hajawa mzee sana, kupotea njia katika mitaa iliyojengwa juu ya majani yale yale.

Watu hao walitoka wapi? Walitoka Ireland na Ujerumani, Italia na Ugiriki, Urusi, Poland na Bohemia. Walivuka bahari kwa sababu ya njaa au ya dhuluma, wakasikia kwamba Chicago kuna kazi. Na kazi ilikuwapo, katika viwanda vya chuma na vya nguo, katika reli, na katika machinjio makubwa. Lakini nyumba hazikutosha, wala maji, wala watu wa kuzoa taka. Jamaa nzima walikaa chumba kimoja, na wageni wa kulipa wakalala pamoja nao. Mtu akiumia kiwandani, au kiwanda kikifungwa, hakuwa na shamba la kurudia wala ndugu wa kumkimbilia. Katika watu hao ndimo alimokaa mwanamke huyu ambaye twataka kusoma habari zake.

Jane Addams alizaliwa tarehe 6 Septemba 1860 katika kijiji cha Cedarville, kaskazini mwa jimbo la Illinois. Baba yake, John Addams, alikuwa na vinu vya kusaga nafaka na kupasua mbao, tena alikuwa mjumbe katika baraza la jimbo na rafiki wa Abraham Lincoln. Mama yake alikufa Jane alipokuwa na umri wa miaka miwili tu. Katika utoto wake alishikwa na ugonjwa wa uti wa mgongo, mgongo wake ukapinda kidogo, na kichwa chake kikaelemea upande mmoja. Alijiona kuwa mbaya wa sura. Siku za Jumapili wageni walipokuja kanisani, hakutaka kutembea karibu na baba yake, wasije watu wakajua kwamba mtu mzuri namna ile ana binti kama yeye, akaenda kando ya ami yake. Basi siku moja mjini, baba yake alikuwa akitoka katika benki, akakutana na Jane. Palepale mbele ya watu wote akavua kofia yake ndefu, akamwinamia kwa heshima kama mtu amwinamiavyo bibi mkubwa. Jane alikuwa mtoto, lakini hakusahau salamu ile hata uzeeni.

Alipokuwa hajatimiza miaka saba, alikwenda na baba yake katika mji wa Freeport ulio jirani, wakapita katika mtaa wa watu maskini. Jane alikuwa hajaona umaskini wa mjini. Akamwuliza baba yake kwa nini watu wale wakae katika vijumba vibaya vilivyosongamana vile. Alipokwisha kuelezwa, akasema kwamba akiwa mtu mzima atakuwa na nyumba kubwa, lakini hataijenga penye nyumba kubwa nyingine, ataijenga katikati ya vijumba vile. Watoto husema mengi, nasi wazee husahau upesi. Lakini neno hili lilikuja kutimia.

Halikutimia upesi. Alisoma katika shule ya wasichana ya Rockford, akawa wa kwanza katika darasa lake, akamaliza mwaka 1881. Mwezi wa Agosti mwaka uo huo baba yake akafariki ghafula. Jane akaingia shule ya udaktari, lakini mgongo wake ukamlaza kitandani, akaiacha. Kwa muda wa miaka minane hivi hakujua afanye nini na maisha yake. Alikuwa na elimu, alikuwa na urithi wa kumtosha, wala hapakuwa na mtu aliyemtaka afanye kazi yo yote. Kwa mtu wa tabia kama yake hayo yalikuwa mateso. Akasafiri Ulaya kuona makanisa na picha nzuri, kama walivyofanya matajiri.

Katika safari hiyo ya kwanza, iliyoanza mwaka 1883, alifika London. Usiku mmoja wa Jumamosi alichukuliwa pamoja na wageni wengine juu ya gari kubwa mpaka upande wa mashariki wa mji, wakakaone kwa macho soko la maskini. Mboga na matunda yaliyokuwa yameanza kuoza, ambayo hayakuweza kuuzwa Jumapili, yalikuwa yakinadiwa usiku kwa senti chache, kwa mwanga wa taa za gesi. Watu walisukumana wakinyosha mikono juu. Mtu mmoja alipata kabichi, akaketi pale pale penye ukingo wa njia, akaipasua kwa meno, akaila mbichi na uchafu wake. Lakini kilichobaki moyoni mwa Jane si nyuso za watu wale. Kilichobaki ni mikono. Kwa majuma mengi baadaye hakuweza kuona watu wamenyosha mikono yao juu, hata katika mchezo, asiikumbuke mikono ile.

Alirudi Ulaya tena baadaye, na mwaka 1888 akafika mara ya pili katika upande ule ule wa London, safari hii si juu ya gari. Alikwenda kuitazama Toynbee Hall, nyumba iliyofunguliwa mwaka 1884 na kasisi Samuel Barnett na mke wake. Humo vijana waliosoma vyuo vikuu walikaa katikati ya mtaa wa maskini kama majirani, wakafundisha jioni, wakashughulika na mambo ya mtaa. Jane akajua sasa atakalolifanya. Shauri lake alikuwa amekwisha kumwambia rafiki yake, Ellen Gates Starr, aliyesoma naye Rockford, naye akakubali kufuatana naye.

Huko Chicago walitafuta nyumba kwa muda, wakaipata katika mtaa wa Halsted. Ilikuwa nyumba ya matofali iliyojengwa mwaka 1856 na tajiri mmoja jina lake Charles Hull, wakati mahali pale palipokuwa nje ya mji. Mji ukaja ukaizunguka na kuipita. Sasa upande mmoja ilikuwa na duka la vileo, na upande wa pili duka la mtu wa kuzika maiti. Wanawake hao wawili walipanga sehemu ya nyumba, wakaisafisha, wakaipaka rangi, wakaweka humo picha walizozileta Ulaya na vyombo vizuri, kwa maana hawakuona kwamba jirani akiwa maskini hastahili kukaribishwa penye uzuri. Tarehe 18 Septemba 1889 wakaingia. Usiku ule wa kwanza, kwa furaha na uchovu, walisahau kufunga mlango mmoja wa nje. Asubuhi wakaukuta wazi kabisa, wala hakikuibwa kitu. Mwaka uliofuata mwenye nyumba, Bibi Helen Culver, aliwaachia nyumba nzima bila kodi. Jina la nyumba likabaki lile la mwenyewe wa kwanza, Hull House.

Mwanzoni mabibi hao walidhani kwamba watawasomea majirani vitabu na kuwaonyesha picha. Hayo waliyafanya, na watu walikuja. Lakini majirani walikuwa na haja nyingine, wakazisema. Bibi Addams na wenzake wakaitwa kuogesha watoto wachanga, kuuguza wagonjwa, kutengeneza maiti kwa maziko, kuandika barua, na kumtafuta mume aliyekwenda kazini asirudi. Zaidi ya hayo, waliwaona watoto. Watoto watatu wa kwanza wenye vilema waliokutana nao katika mtaa ule, wote waliumia mama zao walipokuwa kazini. Mmoja alianguka kutoka dirisha la juu ghorofani. Wa pili aliungua moto. Wa tatu alipinda mgongo, kwa kuwa kwa muda wa miaka mitatu alifungwa kutwa kwenye mguu wa meza ya jikoni. Hakufunguliwa ila saa sita mchana, ndugu yake mkubwa alipotoka mbio katika kiwanda cha karibu kuja kula naye. Msimhukumu mama yule upesi. Alimfunga kwa sababu alimpenda; mtoto asiyefungwa ndiye aliyeanguka dirishani. Nafikiri hakuna mtu katika Chicago aliyeweza kumtazama mtoto yule kama Jane Addams, ambaye mgongo wake mwenyewe ulikuwa umepinda.

Hivyo Hull House ikafungua mahali pa kulelea watoto mchana, na shule ya watoto wadogo. Ikafanya bafu chini ya nyumba, maana nyumba nyingi za mtaa ule hazikuwa na mahali pa kuogea. Na watu walivyozipenda bafu zile, serikali ya mji ikaona haya, mwaka 1894 ikafungua bafu ya watu wote karibu na hapo. Wasichana wa viwandani walipogoma kwa ajili ya ujira, mmoja wao alieleza kwamba kwanza hushindwa wale wasio na kwao, kwa kuwa kodi ya chumba haingoji. Basi wasichana hao wakasaidiwa kupanga nyumba yao wenyewe. Hull House ilitoa kodi ya mwezi wa kwanza na vyombo. Yaliyobaki walijilipia wasichana wenyewe, wakachagua wakubwa wao, wakatunga kanuni zao, nacho chama chao kikadumu miaka mingi.

Si kila jambo lililofaulu. Bibi Addams na wenzake waliona kwamba wanawake washonao nguo kutwa hawana nafasi ya kupika, hununua vyakula vya makopo visivyo na nguvu. Wakaanzisha jiko kubwa, wakapika supu na vyakula vilivyopimwa na wataalamu, wakaviuza kwa bei ndogo. Watu hawakuvitaka sana. Mwanamke mmoja aliungama kwamba bila shaka chakula kile kina afya, lakini yeye hapendi kula kilicho na afya, hupenda kula kile akipendacho. Waitalia walitaka chakula cha Kiitalia, na Wayahudi chao. Bibi Addams hakukasirika; aliisimulia habari hiyo mara nyingi akicheka. Mahali pa kunywa kahawa, palipofunguliwa pamoja na jiko lile, ndipo watu walipopapenda, kwa sababu walikuwa na haja ya mahali pa kukaa jioni pasipokuwa duka la vileo.

Sasa nitasimulia habari ya mwaka 1893, ambayo ndiyo iliyonifanya mimi niandike maisha haya. Mwaka ule mji wa Chicago ulifanya maonyesho makubwa ya mataifa yote, na watu kwa maelfu walikuja kujenga na kufanya kazi humo. Mwezi wa Oktoba maonyesho yakafungwa. Wakati uo huo biashara ya nchi nzima ilianguka, mabenki yakafungwa, viwanda vikaacha kazi. Kisha baridi ikaingia. Ninyi mliolelewa katika nchi zetu za jua hamwezi kuijua kwa urahisi baridi ya Chicago. Theluji hufunika njia, upepo hutoka ziwani kama kisu, na mtu akilala nje usiku huenda asiamke. Watu wasio na nyumba walilala katika vituo vya polisi, na katika jumba la serikali ya mji walilala sakafuni na juu ya ngazi, wamebanana hata hapakuwa na mahali pa kukanyaga.

Watu wa mji wakaunda chama cha kutoa misaada, na Hull House ikawa kituo kimoja. Bibi Addams alifundishwa kanuni za kazi hiyo na wakubwa wa misaada. Kanuni moja ilikuwa hii, kwamba mtu asipewe msaada ikiwa iko kazi awezayo kupata. Kwanza na aijaribu kazi ile. Kanuni yenyewe haionekani kuwa mbaya. Sisi walimu twapenda sana kanuni, maana hutuepusha na taabu ya kufikiri juu ya kila mtoto peke yake.

Akaja mtu mmoja aliyekuwa karani wa shehena. Bibi Addams alimjua tangu siku alipokuwa na kazi na maisha mema. Alikuja mara kadhaa kuomba msaada kwa ajili ya jamaa yake. Wakati huo nje ya mji ulikuwa ukichimbwa mfereji mkubwa wa kupitisha maji machafu ya Chicago, na kibarua kilikuwako. Siku moja Bibi Addams akamwambia habari ya kibarua kile, akamdokeza kwamba inampasa kujaribu huko kabla ya kuomba tena. Mtu yule akajibu kwamba maisha yake yote amefanya kazi ndani ya nyumba, naye hawezi kustahimili kazi ya nje wakati wa baridi. Bibi Addams aliingiwa na mashaka, hakumsemea kwa ukali, lakini aliishika kanuni aliyofundishwa. Yule karani hakurudi tena kuomba. Alikwenda kwenye mfereji, akachimba siku mbili, akashikwa na kichomi, na baada ya juma moja akafa. Akaacha watoto wawili wadogo.

Wako watakaosema kwamba Bibi Addams hakukosa; aliambiwa aseme hivyo, akasema. Yeye mwenyewe hakujitetea. Aliandika habari hiyo katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1910, miaka 17 baadaye, ambapo angaliweza kuificha na mtu asijue. Humo alieleza kwamba hakuacha kuwafuatia watoto wale, wala hakuweza kuwaona bila uchungu, kwa sababu mafundisho aliyoyapata yalilipiwa na wao. Aliona sasa kwamba mtu hawezi kumsaidia mwenzake kwa kulitazama tatizo lake moja, asijue maisha yake yote na mazoea yake. Nami naona kwamba kosa lile lilimbadilisha kuliko safari zake zote za Ulaya.

Ulionekana mabadiliko hayo katika baridi ile ile. Aliwekwa katika kamati ya kuwapa wasio na kazi ujira wa kufagia njia. Wenzake walitaka mtu afagie kutwa kwa dola moja. Yeye alitaka afagie nusu siku kwa senti 75. Hesabu yake ni nyepesi: kwa njia ya kwanza mtu hupata dola 3 kwa siku tatu, kwa njia ya pili hupata dola 3 kwa kazi ya siku mbili. Kutwa iliyobaki ataitumia kuitafuta kazi yake ya kweli, wala matajiri hawatapata sababu ya kushusha ujira wa wote baridi ikiisha. Wajumbe wengine walizitazama njia kama zimefagiwa vizuri. Yeye aliwatazama wafagiaji. Hawakuelewana, akajiuzulu.

Baada ya hapo hakutosheka kusaidia mtu aliyekwisha kuanguka. Alitaka kujua kilichomwangusha. Mwaka 1891 alikuwa amekuja kukaa naye Bibi Florence Kelley, mwanamke hodari asiyeogopa mtu, aliyekwenda nyumba kwa nyumba akiandika habari za watoto washonao nguo vyumbani mchana na usiku. Katika Krismasi ya kwanza ya Hull House, wasichana wadogo kadhaa walipewa peremende wakazikataa. Walikuwa wakifanya kazi katika kiwanda cha peremende tangu saa moja asubuhi mpaka saa tatu usiku kwa majuma sita, wala hawakuweza kuzitazama. Kutokana na habari kama hizo na kazi ya Bibi Kelley, jimbo la Illinois likatunga sheria mwaka 1893, kwamba mtoto ambaye hajatimia miaka 14 asiajiriwe kiwandani. Kabla ya sheria kupita, alikuja mtu akaeleza kwamba wako matajiri watakaoipa Hull House dola 50,000 kama mabibi wataliacha jambo hilo. Bibi Addams alikataa, lakini aliona haya siku nyingi. Baba yake alisifiwa kwamba hakuwahi hata kujaribiwa kwa rushwa, maana wabaya walimwogopa. Naye alijiuliza amefanya nini hata mtu akathubutu kumwendea kwa fedha.

Sina budi kueleza pia habari ya taka. Katika njia za mtaa ule yalikuwapo masanduku makubwa ya mbao ya kutupia takataka, yamejaa mpaka juu, na watoto walicheza kando yake. Waliopewa na serikali ya mji kazi ya kuzoa walichukua fedha na kuziacha taka. Wanawake wa chama cha Hull House wakazunguka vichochoroni jioni, baada ya kazi za kutwa, wakaandika makosa zaidi ya 1,000 kwa miezi miwili. Mwaka 1895 Bibi Addams mwenyewe akaomba apewe kazi ile. Hakupewa, lakini mkubwa wa mji alimfanya mkaguzi wa taka wa mtaa wake, kwa mshahara wa dola 1,000 kwa mwaka. Bibi huyu, aliyelelewa katika nyumba ya mjumbe wa baraza, akaamka kila siku saa kumi na mbili asubuhi kufuata magari ya taka mpaka yalikomwagwa. Katika njia moja nyembamba walichimba uchafu kwa kina cha zaidi ya futi moja, wakakuta chini yake njia ya mawe iliyosahauliwa na watu wote. Waitalia waliokaa hapo hawakushangaa sana. Bibi Addams alidhani ni kwa kuwa kwao wamezoea kuona miji ya kale ikifukuliwa. Baadaye ikaonekana kwamba katika orodha ya mitaa yenye vifo vingi mjini, mtaa ule ulishuka kutoka wa tatu hadi wa saba.

Mwaka 1896 alisafiri kwenda Urusi kumwona Leo Tolstoy, mwandishi mkuu aliyevaa nguo za mkulima na kulima shamba kwa mikono yake. Mzee yule aliushika mkono wa gauni la Bibi Addams, uliokuwa mpana kwa desturi ya siku zile, akamwonyesha kwamba kitambaa chake chatosha kumshonea msichana mdogo nguo. Akamwuliza tena anakula chakula cha nani, ikiwa halimi. Bibi Addams aliumia moyoni, akaazimia akirudi Chicago ataoka mikate saa mbili kila siku kwa mikono yake. Alipofika akakuta watu wamejaa wakimngoja, na barua chungu nzima. Akaona kwamba kuwaacha watu wale mlangoni, ili yeye aiponye nafsi yake kwa unga, ni upuzi. Naona alifanya vema, ingawa mzee Tolstoy pengine asingekubali.

Kazi ikakua. Mwaka 1899 Chicago ilifungua baraza la kwanza katika Marekani la kuhukumu watoto mbali na watu wazima, na watu wa Hull House walikuwa miongoni mwa walioisukuma shauri hiyo. Mwaka 1907 nyumba ile moja ilikuwa imekuwa majengo 13, yenye madarasa, mahali pa michezo, ukumbi wa muziki na vyumba vya mafundi. Mwaka 1909 Bibi Addams alitia jina lake katika mwito ulioanzisha chama cha kutetea haki za watu weusi wa Marekani. Watu wakamsifu kila mahali, hata ikaonekana hana adui.

Maadui walikuja mwaka 1915. Mataifa ya Ulaya yalikuwa yakipigana, naye akawa mwenyekiti wa mkutano wa wanawake zaidi ya 1,000 waliokutana The Hague, katika Uholanzi, kutafuta amani. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, hakugeuza shauri lake. Magazeti yaliyomsifu yakamtukana, na rafiki wengi wakamwacha. Alikuwa amekaa miaka 28 katika mtaa ambamo Wajerumani, Waitalia, Warusi na Wapolandi walichota maji penye bomba moja, wala hakuweza kuamini kwamba watu hao hawana njia ila kuuana. Vita ilipokwisha alisaidia kupeleka chakula kwa watoto wenye njaa wa Ujerumani, akatukanwa tena. Mwaka 1931 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nicholas Murray Butler. Siku ya kutolewa kwake yeye alikuwa mgonjwa hospitalini, hakuweza kwenda kuipokea. Sehemu kubwa ya fedha zake aliitoa kwa chama cha wanawake cha amani.

Alifariki katika Chicago tarehe 21 Mei 1935. Maiti yake iliwekwa katika ukumbi wa Hull House, na watu wa mtaa wakapita mbele yake kwa maelfu, wenye viwanda na wasio na kazi, wazee waliokuja pale mara ya kwanza wakiwa watoto wa kulelewa mchana. Katika miaka ya 1960 majengo mengi yakavunjwa ili kutoa nafasi kwa chuo kikuu cha Illinois. Nyumba ya kale ya mzee Hull ikaachwa, ikafanywa makumbusho. Chama kilichoendeleza kazi yake mahali pengine mjini kilifungwa mwaka 2012 kwa kukosa fedha.

Yeye mwenyewe alizikwa kwao Cedarville, karibu na wazazi wake. Juu ya jiwe lake haikuandikwa habari ya tuzo. Limeandikwa jina lake, na jina la Hull House, na jina la chama cha wanawake cha amani.